Chapati ya Mboga: Tuipime Kabla ya Kuisifu

Katika nyumba zetu za kambini chapati imekwisha kuacha kuwa chakula cha sikukuu. Wazee wetu waliila siku ya Krismasi au ya Idi, tena ikakatwa vipande ili kila mtoto apate kuonja. Leo askari anayetoka zamu ya usiku huikuta karibu na lango, imekunjwa pamoja na mayai, ile ambayo vijana wa Uganda huiita roleksi, naye huila akiwa amesimama huku akinywa chai ya moto. Na katika miaka ya karibuni imezuka desturi nyingine iliyo ya kupendeza. Akina mama wanaukanda unga wa ngano pamoja na mchicha uliokatwakatwa, ambao wengi wetu hapa twauita dodo, au pamoja na karoti, boga au viazi vitamu. Chapati hutoka ya kijani au ya manjano, watoto huifurahia, naye mama hutulia moyo akisema: "Leo wamekula mboga."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni kweli wamekula mboga, lakini ni mboga kiasi gani? Na mboga hiyo imewapa kitu gani, na kitu gani haikuwapa? Mimi ni mtumishi wa Serikali katika ofisi ya wilaya, na mume wangu ni askari wa polisi. Kabla ya kuingia ofisini nilisomea ualimu, na mwalimu huzoea kutaka hesabu ionekane ubaoni. Ninakuomba, ndugu msomaji, tuiweke chapati hii mizanini pamoja, kwa heshima, maana ni chakula chema, lakini kinasifiwa kwa mambo kisiyoweza kuyafanya.

ASILI YAKE

Chapati ilitufikia kutoka Bara Hindi. Wafanyabiashara wa huko walikuwa wakifika pwani ya Afrika Mashariki tangu zamani sana, lakini waliokuja kwa wingi kuelekea bara ni wale walioletwa na Waingereza kujenga reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Viktoria mwaka 1901. Wajenzi hao walizidi 30,000, na wengi walitoka Punjab. Wengi wao walirudi kwao kazi ilipokwisha, wengine wakabaki, na pamoja nao na ndugu zao wafanyabiashara likabaki jiko lao. Mwaka 1972 maelfu ya Waasia walifukuzwa Uganda. Wao waliondoka, lakini chapati haikuondoka, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuwa yetu.

Yafaa tukumbuke kwamba huko ilikotoka, kuchanganya mboga katika mkate wa namna hii si jambo jipya hata kidogo. Watu wa Gujarat wana mkate wao uitwao thepla, ambao unga wake hukandwa pamoja na majani mabichi ya uwatu, manjano, pilipili na mafuta, na msafiri huuchukua safarini. Watu wa Punjab hukanda au kujaza mikate yao figili, viazi au mchicha wa kizungu. Lakini tuangalie pia wanavyoila. Mkate huo huwekwa mezani pamoja na dengu, au maziwa ya mgando, na mboga nyingine pembeni. Wenye mkate huo hawakuufanya kuwa mlo mzima. Sisi tuliuchukua mkate, tukauacha ule mchuzi wa dengu, tukaweka chai mahali pake.

JAMBO LILILOTUKUTA NYUMBANI

Sababu ya kuyafuatilia haya kwa makini ni binti yangu mwenye miaka saba. Mwaka jana alianza kuwa mzito wa kucheza. Wenzake wakikimbia uwanjani yeye hukaa kivulini, na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Tulimpeleka zahanati, akatobolewa kidole, na damu yake ikapatikana kuwa gramu 10 kwa kipimo ambacho mtoto wa umri wake hutakiwa kufikia gramu 11 na nusu. Mganga alipima pia malaria, akampa dawa ya minyoo na dawa yenye madini ya chuma, kisha akatuuliza mtoto anakula nini. Jibu lilikuwa la kweli na fupi: asubuhi chai na chapati, mchana posho na maharagwe shuleni, jioni matoke au wali, na dodo akiwekewa huisukuma ukingoni mwa sahani.

Wakati huo mavyaa wangu alikuwa amekuja kutukalia. Ni mama mwenye busara, aliyelea watoto tisa, na maneno yake nyumbani kwetu hayapuuzwi. Alisema: "Mwanangu, kwa nini mnagombana na mtoto kila jioni kwa ajili ya majani? Mtilie dodo katika chapati. Atakula bila kujua, na damu itarudi." Jirani yetu, mke wa sajini, ambaye huuza chapati za kijani karibu na lango la kambi, aliliunga mkono shauri hilo na kusema kwamba wateja wake hawaugui. Mume wangu naye, aliyechoshwa na vilio vya mezani baada ya kutwa nzima kazini, aliona kwamba jambo limekwisha.

Mimi nilimjibu mavyaa kwa adabu: "Mama, shauri lako ni jema, na chapati nitazipika. Lakini kabla hatujamwachilia mtoto asile mboga sahanini, niruhusu nipime." Hakupendezwa. Mkwe anayeleta mizani jikoni mbele ya mama wa mumewe anaweza kuonekana mwenye kiburi. Lakini palikuwa na damu ya mtoto, na damu ya mtoto haipimwi kwa macho.

HESABU YA CHAPATI MOJA

Nilichukua unga mweupe wa ngano nusu kilo, yaani gramu 500, na mchicha uliochambuliwa gramu 300, ambao ni rundo kubwa la kuijaza bakuli. Zaidi ya hapo kinyunya hulegea, hakisukumiki. Zilitoka chapati 12. Basi kila chapati ilikuwa na mchicha gramu 25, ambao ni kama konzi ndogo ya majani mabichi.

Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri mtu mzima ale mboga na matunda yasiyopungua gramu 400 kwa siku. Kwa chapati zangu, mtu angehitaji kula 16 ili afikishe kiasi hicho. Na kila chapati, pamoja na mafuta ya vijiko vidogo viwili, moja katika kinyunya na moja katika kikaango, ina kalori zipatazo 240. Kumi na sita ni kalori zaidi ya 3,800, chakula cha kumtosha askari mwenye mazoezi makali kutwa nzima. Hakuna mama atakayetaka kumfikisha mtoto huko kwa sababu ya kuyakwepa majani.

Tuje kwenye madini ya chuma, ambayo ndiyo yaliyokuwa haja yetu. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina chuma miligramu 2.3. Gramu 25 zina kama nusu miligramu na kidogo zaidi. Unga mweupe usioongezwa kitu huleta kama nusu miligramu nyingine katika chapati hiyo. Binti yangu alikuwa akila chapati mbili, yaani miligramu mbili hivi. Mtoto wa miaka minne hadi minane anahitaji miligramu 10 kwa siku. Zilibaki miligramu nane za kutafutwa mahali pengine. Tena chuma cha majani na cha nafaka si chepesi kuingia mwilini kama kile cha nyama na samaki. Katika utumbo hufyonzwa sehemu ndogo tu, na nyingine hupita.

Hapo ndipo nilipomwonyesha mavyaa daftari. Aliliangalia kwa muda, akauliza: "Basi mchicha hauna kazi?" Nikamwambia una kazi, lakini robo ya robo ya fungu haiwezi kufanya kazi ya fungu zima. Mtoto akila mchicha uliopikwa kutoka gramu 100 za majani, amepata sawa na chapati nne. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe lazima kijulikane ukubwa wake.

Na kuna jambo moja lililotushangaza sisi sote. Sheria ya Uganda huwataka wasagaji wakubwa wa ngano waongeze madini ya chuma na vitamini katika unga wao. Mfuko wa unga uliotiwa virutubishi waweza kumpa mtoto chuma zaidi kuliko yale majani tunayoyasifu. Kwa hiyo kabla ya kununua unga wa kupimwa kwa kopo sokoni, ambao haujulikani ulikotoka, msomaji asome maandishi ya mfuko. Anayepata unga wa ngano usiokobolewa, ule ambao Wahindi huuita atta, atapata nyuzinyuzi mara nne kuliko unga mweupe, na chuma mara tatu kuliko unga mweupe usioongezwa kitu, ingawa kapi hilohilo lina vitu vinavyozuia sehemu ya chuma kufyonzwa.

PALE CHAPATI YA MBOGA INAPOSHINDA

Nisije nikaonekana mshitaki wa chapati. Liko jambo moja ambalo chapati ya mboga hulifanya vizuri sana, nalo ni kuleta vitamini A, ikiwa tu tutachagua mboga ifaayo. Vitamini hii hulinda macho na huupa mwili nguvu ya kupigana na maradhi. Mtu anayeikosa sana huanza kwa kutoona vizuri jua linapokuchwa, na mlinzi asiyeona wakati wa magharibi ni hatari kwake na kwa wenzake. Kwa watoto wadogo upungufu mkubwa huweza kuleta upofu, hata kifo.

Mtoto wa umri wa binti yangu anahitaji mikrogramu 400 za vitamini A kwa siku. Chapati moja yenye karoti gramu 25 humpa kama 200. Mbili zinatosha siku nzima. Chapati ya mchicha kwa uzito uleule humpa chini ya 40. Kwa hiyo rangi ya manjano iliyokolea, ambayo wengi wetu twaiona kuwa ni urembo, katika jambo hili huishinda ile ya kijani mara tano.

Na hapa Uganda tuna bahati ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Watafiti wa kilimo waliopo Namulonge walishughulika miaka mingi kuvizalisha viazi vya namna hiyo vinavyostahimili magonjwa yetu, na mwaka 2007 zilitolewa kwa wakulima mbegu zilizoitwa Vita na Kabode. Mwanasayansi wetu Robert Mwanga, pamoja na wenzake watatu, Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza virutubishi katika mazao, na viazi hivi vilikuwa msingi wa tuzo hiyo. Chemsha viazi hivyo, viponde, chukua gramu 400 uchanganye na unga nusu kilo, nawe utapata chapati laini 14, kila moja ikiwa na vitamini A ipatayo mikrogramu 200. Viazi vyeupe tulivyovizoea havina rangi hiyo, na vitamini yake karibu haipo. Kinyunya chake kitakuwa laini vilevile, lakini mtoto hatapata kitu tulichokusudia.

Mafuta nayo, ambayo wengi huyaogopa, hapa yana kazi. Rangi ya karoti na ya kiazi huyeyuka katika mafuta, na mwili huipokea vizuri zaidi mafuta yakiwapo kidogo. Kijiko kimoja au viwili vidogo kwa chapati vinatosha. Chapati inayoogelea katika kikaango haiongezi vitamini. Inaongeza kalori tu, na mfuko wa mshahara huumia bure.

CHAI NA CHAPATI

Kama kuna desturi moja ninayotamani kambi zetu ziiangalie upya, ni ile ya kuteremsha chapati kwa chai. Majani ya chai yana kitu kikali, kilekile kinachoukausha ulimi, ambacho hukamata chuma cha nafaka na mboga tumboni na kukizuia kufyonzwa kwa kiasi kikubwa. Mama anatia mchicha katika unga ili kupata chuma, kisha anamimina kikombe kinachokifukuza. Ni sawa na kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka.

Sisemi chai ipigwe marufuku. Mume wangu angehama nyumba. Nasema chai ingoje kama saa moja baada ya chakula, na pamoja na chapati liwepo chungwa, pera, papai au embe, kwa kuwa vitamini C ya matunda hukisaidia kile chuma kuingia. Vitamini C iliyokuwamo katika mchicha wenyewe haitegemewi, maana moto wa kikaango huiharibu nyingi. Mtoto anayekula chapati ya mchicha na chungwa amepata zaidi kuliko yule anayekula chapati mbili za mchicha na chai.

NAMNA YA KUIPIKA

Osha mchicha majani yakiwa mazima, usiyakate kwanza. Yakate baadaye, membamba sana, uyatie chumvi kidogo na kuyaacha dakika kumi. Yatatoa maji yake. Maji hayo usiyamwage, maana ndiyo utakayokandia unga, ukiongeza maji mengine kidogokidogo tu. Wanaochemsha mchicha na kumwaga maji wamemwaga sehemu ya virutubishi pamoja nayo. Karoti na boga hukwaruzwa. Kiazi huchemshwa na maganda, kisha humenywa na kupondwa. Kanda hadi kinyunya kiwe laini, kifunike nusu saa, kisha kata madonge, sukuma, na uchome kwa moto wa wastani ili katikati iive. Chapati yenye mboga nyingi ina unyevu, nayo haistahimili joto letu kama chapati kavu. Iliwe siku ileile. Anayekwenda safari ndefu achukue ile ya kawaida.

Kinachobaki ni cha kuwekwa pembeni yake, na ndicho kitu kikubwa. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva kina chuma kipatacho miligramu nne na protini kama gramu 15. Mukene mdogo mkavu, anayesagwa na kutiwa katika mchuzi, ana chuma, na huliwa na mifupa yake. Hivyo viwili havihitaji mshahara mkubwa, na karibu kila soko letu lina vyote.

TULIVYOAFIKIANA

Nyumbani kwetu tuliamua hivi. Chapati za mboga tunapika mara mbili kwa juma, mara moja za kiazi cha rangi ya chungwa na mara moja za mchicha, na huliwa kwa maharagwe. Dodo bado huwekwa sahanini kila jioni, lakini vijiko viwili tu, na mavyaa ndiye aliyepata njia ya kumlisha mtoto. Aliipika kwa karanga zilizosagwa, kama anavyopika kwao, akala yeye kwanza, hakumwambia binti yangu lolote. Siku ya nne mtoto aliomba kuonja. Baada ya miezi mitatu damu ilipimwa tena ikawa gramu 12. Siwezi kudai kwamba ni chapati, wala dodo, wala mukene. Dawa ya minyoo ilikuwapo, dawa ya chuma ilikuwapo, na mganga alituambia kwamba hizo zilitangulia na chakula kikafuata. Ninachoweza kusema ni kwamba, kama tungaliridhika na rangi ya kijani peke yake, tungalikuwa tunangojea chapati ifanye kazi ya zahanati.

Jirani yetu mke wa sajini hakukasirika nilipomweleza. Yeye ni mfanyabiashara, na aliuliza swali la kibiashara: "Basi nibadili nini?" Siku hizi huuza pia za karoti, na karibu na sufuria ya chai ameweka machungwa.

Nimalizie kwa wale ambao jambo hili linawahusu zaidi. Mama mjamzito asiiweke chapati ya mboga mahali pa vidonge anavyopewa kliniki, kwani haja yake ya chuma ni kubwa kuliko ya mtu yeyote nyumbani. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari ajue kwamba ukijani hauondoi unga: chapati mbili za mchicha ni chapati mbili. Mzazi anayemwona mtoto wake amepauka na kuchoka asianze na jiko. Aanze na zahanati, kwa sababu malaria, minyoo ya safura na selimundu navyo hupunguza damu, na hakuna mboga inayoviponya. Na askari anayekula karibu na lango alfajiri aile chapati yake kwa raha, akimwomba muuzaji amtilie nyanya na kabeji nyingi katika roleksi yake, kisha chai aikute baadaye ofisini.

Chapati ya mboga ni nyongeza njema katika mlo wa jamaa. Tuipike, tuifurahie, tuwafundishe watoto kuisukuma. Lakini sahani ya mboga ibaki mezani.